Dawa ya Magugu Kisimani

Berea, Johannesburg
16 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo Shufaa naye nampa shikamoo yake, pamoja na ahsante ya zile kashata. Zilifika nzima, ila zilipitia kwa Selemani kwanza, kwa hiyo nilizozionja mimi ni chache. Mwanao huyo hajambo. Mchana yuko kwenye kazi yake ya stoo kule Marshalltown, jioni anashughulika na kisima chako pale msikitini. Uwanja ni msafi, hauna hata jani. Mkewe Bushra ana habari njema ya kuwapa; kama hajaitoa bado, basi mimi sijasema kitu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii, na ukitumiwa ujumbe unajibu neno moja tu, "sawa". Safari hii "sawa" haitanitosha. Tumu anarudi Tanga na mizigo yake, nimemwomba akuletee hii mpaka mlangoni.

Maji ya bomba huku Berea yamekuwa ya bahati. Mvua za radi zinapiga kila alasiri, barabara zinageuka mito, halafu ukifungua bomba unasikia upepo tu. Foleni ya kisimani inafika mpaka kwenye robot ya kona, zile taa za kusimamishia magari. Wenyeji, Wakongo, Wamalawi, wote wanachota. Gogo MaDube, yule bibi jirani yako wa zamani, bado anakuja na ndoo yake, na kila akiniona ananiuliza, "Othmani anarudi lini?"

Sasa nikuambie kilichonikalisha niandike. Mwaka jana uliniuliza ninasomea nini hasa kule Braamfontein, nikakujibu kemia, ukasema hilo ni jina la somo, si kazi. Kazi yangu ni hii. Unakijua kipimo cha sukari cha mama, kile kijiti kinachopokea tone la damu? Mimi natengeneza ndugu yake wa maji. Ni kijiti cha plastiki kilichopakwa kaboni, na juu ya kaboni nimeweka utando mwembamba unaovuta dawa moja ya kuua magugu, inaitwa diuroni. Natia tone la maji, napitisha umeme mdogo mno. Dawa ikiwemo, umeme unaongezeka mahali pake maalumu, na kwenye kompyuta unachorwa mstari wenye kilima. Dawa ikiwa nyingi, kilima kinakuwa kirefu. Maji yakiwa hayana dawa, mstari unapita bila kuinuka.

Kipimo hiki ni kwa ajili ya visima vya mashambani. Kwanza nilitaka maji ya kisima ambacho hakina shamba karibu, ili niuone mstari usio na kilima. Nikachota ya kwetu, msikitini. Kilima kikatokea.

Nilidhani ni uchafu wa mikono yangu. Nikaosha vyombo vyote, nikatoa vijiti vipya, nikapima maji yaliyochujwa ya maabara: mstari umelala. Nikarudia ya kisimani: kilima.

Kile kisima kilichimbwa kwenda chini kiasi gani? Zege linalozunguka mdomo wake lilimwagwa lini? Na kabla ya hapo uwanja ule ulikuwa na nini?

Naomba jibu refu.

Mwanao,
Kidawa

*

Ngamiani, Tanga
9 Machi 2025

Mwanangu Kidawa,

Marahaba. Barua yako Tumu ameileta mwenyewe, akafuturu nasi. Mama yako ameondolewa mtoto wa jicho la kulia. Sasa anaona vumbi lililokaa juu ya kabati miaka yote hii, na nyumba nzima hatuna raha. Habari ya Bushra tumeipata na tumeshukuru. Mama mdogo wako ameshaanza kukunja khanga za mtoto, ingawa namwambia siku bado. Mfungo si mbaya, upepo upo.

Umeuliza kuhusu kisima. Fundi alikutana na mwamba akaupita, maji akayapata chini yake. Zege lilimwagwa siku moja, nami nilisimama pale mpaka likakauka. Kabla ya hapo palikuwa uwanja tu, wa kuegeshea magari. Sijui dawa yoyote.

Hicho kipimo umekitengeneza wewe mwenyewe. Basi nacho ni kama mtoto anayeanza kutembea, hajambo leo, kesho anaanguka. Sikukatishi tamaa. Nasema usimtume mtoto kama huyo kupeleka habari kwa watu.

Nikukumbushe, maana ulikuja baadaye. Siku walipovunja duka langu ilikuwa mchana, jua kali, watu wanatazama. Sikio moja lilikwenda siku ile, la pili likalifuata pole pole. MaDube ndiye aliyenivuta akaniingiza kwake na kufunga mlango, akakaa nyuma yake na ufagio. Nilipopata nafuu nikawaambia kamati ya msikiti: watu hawa tuwape kitu ambacho hatuwauzii. Ndiyo kikachimbwa kisima. Kabla ya kisima walituita majina mabaya. Baada ya kisima wakaanza kutusalimia. Mtu akija kuchota maji kwako kila siku hawezi kukuchukia kila siku.

Kwa hiyo fikiri sana kabla hujaliweka neno "dawa" karibu na neno "kisima". Kule dawa na sumu ni neno moja likishafika mtaani.

Halafu unijibu hili: udhu wa watu wale wote una hitilafu?

Baba yako mdogo,
Othmani

*

Berea
13 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya kheri kwenu, ingawa pilau nililolila mimi ni la kijiko cha plastiki, nimesimama maabara. Mwambie mama nimecheka peke yangu kwenye basi kwa habari ya kabati. Ameondolewa bandeji? Hukusema kama analiona vizuri jina lake akiandika.

La udhu nilimuuliza imamu. Alisema maji hayajabadilika rangi, wala ladha, wala harufu, kwa hiyo yanatoharisha. Kisha akanitazama akasema, "Lakini la kunywa niulizeni nyinyi mliosoma, msinitwike mimi."

Nilifuata neno lako, sikumtuma mtoto. Msimamizi wangu ni Dakta Moraa, Mkisii wa Kenya, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nilimwonyesha kile kilima. Akaniambia nitie kwenye maji yale diuroni halisi, kidogo kidogo, niangalie. Kama kilima cha kwanza ni cha kitu kingine, kitatokea cha pili pembeni yake. Nikatia. Hakikutokea cha pili. Kile kile kikapanda, pale pale.

"Bado usiseme neno," akasema, "mpaka mashine kubwa iseme."

Tukapeleka chupa kwenye mashine kubwa, ile inayotenganisha kila kilichomo majini. Imesema diuroni, na imesema ni nyingi mara kadhaa kuliko kiwango wanachokiruhusu Ulaya kwenye maji ya kunywa. Sitaki kukutisha. Hakuna atakayeanguka kesho. Ni dawa inayotiliwa shaka kwa mtu anayeinywa kila siku, muda mrefu. Na watu wa foleni ile wanainywa kila siku.

Tukatafuta inatoka wapi. Tulidhani ni reli, huwa wanapuliza kando ya reli, lakini maji tuliyochota upande ule hayana kitu. Basi nikaenda kukaa uwanjani siku ya Jumapili, nikaangalia tu. Uwanja ule hauoti nyasi, baba mdogo. Mvua yote ya mwaka huu, na hauoti. Zege lina ufa, unaanzia ukutani unakwenda mpaka kwenye mdomo wa kisima. Nyuma ya chumba cha pampu kuna chombo cha dawa, karatasi yake imebanduka, na bomba la kupulizia limeanikwa juu ya ukuta. Anayefagia pale hupulizia ili pawe safi, kisha analisuuza lile bomba la kupulizia pale pale kisimani, maji yakaingia ufani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Naliandika hili kabla ya jina la mtu, ili ulisome kwanza.

Nilikwenda kwa Mzee Burhani wa kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwezi wa Ramadhani huu, mwanangu, acha ipite." Ikapita. Nikarudi. Akasema, "Ngoja mabomba ya mji yatengemae kwanza." Bado hayajatengemaa. Nami nimengoja.

Kidawa

*

Ngamiani, Tanga
18 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako jicho zima, anakusalimu. Mvua za masika zimetuchelewesha mambo, na msafiri wa kuaminika sikumpata mapema, kwa hiyo usihesabu wiki.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyodhani. Nakuomba jambo kama baba, maana marehemu kaka yangu angekuwepo angekuomba yeye. Hilo dumu la bluu liondolewe, litupwe mbali. Ufa uzibwe. Bomba la kupulizia livunjwe. Kisima kipigwe pampu mpaka maji mapya yaje. Yote haya yanafanyika kimya. Anayefagia aonywe, naye ataelewa. Nani atakuwa amedhurika kwa kunyamaza? Umesema mwenyewe hakuna atakayeanguka kesho.

Na mkisema, nikuambie kitakachotokea. Hawatasikia diuroni. Hawatasikia ufa. Watasikia kwamba wageni wametia sumu maji ya kunywa ya watoto. Mimi nawajua watu wale, nimekula nao, nimepigwa nao. Hawatauliza ni nani. Watamchukua wa karibu.

Wewe una shahada mbili na ya tatu inakuja. Utapanda ndege. Wengine wana mke, na mke ana mimba.

Othmani

*

Berea
8 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Wote wazima huku. Baridi imeanza, asubuhi majani ya bustanini yana barafu. Leo ni barua fupi.

Kwenye barua yangu niliandika "chombo". Sikuandika dumu, wala sikutaja rangi. Ni dumu kweli, na ni la bluu.

Jina la anayefagia sikukuandikia kwa sababu nilitaka kukusitiri. Sasa naona wewe ulilijua kabla yangu, au muda ule ule, na ukanisitiri mimi. Hatuwezi kuendelea kuandikiana hivi. Ni Selemani. Nilizungumza naye. Aliniambia, "Nilitaka baba akija akute pasafi kuliko alivyopaacha." Alilia, kisha akanikasirikia, hajanisemesha tena.

Nikuambie kilichonishinda. Tangu Machi nimekuwa nikimpelekea Bushra maji ya chupa. Akauliza kwa nini, nikamwambia daktari anapendelea hivyo. Nilidanganya, akaniamini, akanywa. Wiki iliyopita nilikuwa nimezibeba zile chupa, nikapita mbele ya foleni. Kulikuwa na msichana mwenye tumbo kubwa kuliko la Bushra, ameinamia bomba la kisimani, ananywa kwa kiganja. Akaniona namtazama, akanyoosha mkono akanisaidia kuushika mfuko uliokuwa unachanika. "Sharp, sisi," akaniambia. Kwao ni "sawa, dada".

Sikumwambia kitu. Nikapanda ngazi na chupa zangu.

Jumamosi ijayo nitasema. Dakta Moraa atakuja. Mzee Burhani amekasirika lakini amekubali kufunga pampu. Sikuombi ruhusa, nakuarifu, maana sitaki ulisikie kwa mwingine.

Kidawa

*

Berea
20 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Labda halikuandikwa, labda limo kwenye mfuko wa mtu aliyekwama mpakani. Bushra na mtoto tumboni ni wazima, hilo nalitanguliza.

Tulisema. Tulikwenda asubuhi, foleni ikiwa ndefu, na karatasi tulizokuwa tumeandika kwa Kizulu na Kiingereza. Mimi nilisimama juu ya kreti. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, kijiti, umeme, kilima. Nikasema dawa iliingiaje. Walisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Gogo MaDube alikuwa mbele, ameshikilia ndoo yake kifuani.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Februari tulishuku. Tangu Machi tuna hakika."

"Machi." Akaigeukia foleni akawatafsiria wasiojua Kiingereza, kisha akanirudia. "Na mimi nimekuwa nikikuuliza Othmani anarudi lini, nawe unanijibu unacheka."

Sauti ikatoka nyuma, ya kijana: "Nani aliyeitia?" Nikasema si muhimu ni nani, muhimu ni maji. Kelele zikaanza. Dakta Moraa akanishika mkono nishuke. Hapo ndipo nilipomwona Selemani. Sikujua kama angekuja. Amevaa lile koti lake la kazini, akapenya mpaka mbele, hakupanda kreti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Yimi." Ni mimi. Akarudia kwa Kiswahili ili na wetu wasikie. "Ni mimi. Nilikuwa naua nyasi."

Yule kijana alimpiga taya. Akampiga tena. MaDube akaitupa ndoo, akaingia kati yao, mwili ule mdogo, akaweka viganja viwili kwenye kifua cha kijana na kumsukuma nyuma. Wengine wakaja kumzuia. Watu wakaanza kumwaga maji waliyokuwa wamekwishachota, barabarani. Si wote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alibaki ameshika ndoo yake imejaa. Akaniuliza, "Sawa, nimekusikia. Leo nitapika na nini?" Akajitwika ndoo akaondoka nayo.

Nilidhani hapo pamekwisha. Jumatatu alasiri wakaja watu, wengi si wa mtaa huu. Lango la msikiti lilikuwa limefungwa kwa minyororo. Mkabala na lango kuna spaza, kiduka cha mtaani, ya Mama Arlène, Mkongo, anauza mikate na maharage. Si Mwislamu, wala kisima si chake, naye alikuwa akipanga foleni kama wengine. Walivunja duka lake, wakabeba walichobeba, wakamwaga kilichobaki. Hakuumizwa. Aliwachukua wanawe akaondoka.

Kwa sasa gari la maji la manispaa linasimama kona kila siku mbili. Pampu imefungwa. Ufa umezibwa, na Dakta Moraa ametuma wanafunzi wanakikausha kisima na kukiacha kijae tena, na kutakuwa na chujio la makaa maalumu. Napima kila wiki. Kilima kinashuka. Bado kipo.

Selemani taya limepona. Nimemwambia unataka arudi nyumbani, maana najua ndivyo utakavyotaka. Amekataa. Akitoka kazini anabeba maji kutoka kwenye gari la manispaa na kuwapandishia wazee ghorofani, kwa kuwa lifti haifanyi kazi. Wengine wanapokea. Wengine wanafunga mlango, anayaacha nje.

Eish, baba mdogo, niandikie, hata kama ni kunitukana.

Kidawa

*

Ngamiani, Tanga
31 Agosti 2025

Mwanangu Kidawa,

Marahaba. Mama yako mzima. Mama mdogo wako alilala siku kadhaa bila kula tulipopata barua, sasa anakula. Sijakutukana na sitakutukana.

Nilimwandikia Selemani arudi, tena kwa ukali. Alinijibu kwa ujumbe wa simu. Neno moja: "Hapana." Nimekasirika, halafu nimekuwa nikiusoma ule ujumbe kila nikiamka. Mimi nilikaa na watu wale miaka mingi, nikawapa kisima, lakini sikuwahi kusimama mbele yao nikasema jambo linaloweza kuniumiza. Sijui Selemani alilipata wapi hilo. Si kwangu.

Uliloniandikia kuhusu rangi ya dumu sitalijibu. Unalo jibu.

MaDube mwambie Othmani anamsalimu na hana cha kusema.

Sasa nisikilize. Barua yako ni ndefu. Kijiti kina mistari yake, taya lina mistari yake, ndoo ina mistari yake. Yule mama Mkongo umempa mistari michache, kisha ukaandika "akaondoka", ukaendelea na chujio. Ameondoka kwenda wapi? Na nani? Analala wapi na watoto wale katika baridi ya huko? Nilipovunjiwa duka mimi, nilikuwa na msikiti. Walinijia, wakaniosha damu, wakakaa nami. Waliomsababishia yeye ni sisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumtazama, maana kama mngekwenda ungeandika.

Nilikuonya watamchukua wa karibu. Nilidhani wa karibu ni mwanangu, ndiyo maana nilitetemeka. Ilipotokea kuwa ni mtoto wa mtu mwingine, nilipumua. Nakuambia ukweli huu kwa sababu nadhani na wewe ulipumua.

Usiniandikie tena mpaka uwe umempata.

Othmani

*

Berea
12 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Bushra amejifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa nguvu na ana vidole vyote. Jina watakuandikia wao.

Nimempata Mama Arlène. Niliuliza kwa majirani, hakuna aliyejua. Nikauliza kwenye kanisa lake, wakanitazama vibaya, wakaniambia nirudi Jumapili nyingine, nikarudi. Yuko Rosettenville, kusini ya mji, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Anakaanga maandazi barazani na kuuzia wapita njia. Nilikwenda na Selemani. Alipotuona hakusimama, wala hakutufukuza. Aliendelea kugeuza maandazi.

Selemani akasema alichokuja kusema. Mama Arlène akamsikiliza, akamwonyesha kwa mwiko mahali pa kukaa. Kisha akanigeukia mimi.

"Ile ya maji ulifanya bien, muzuri," akasema. "Watoto yangu nao walikunywa. Kama ungeficha, ningekukasirikia zaidi. Lakini siku ile ya Ijumaa ulipita kwa duka yangu. Ulinunua mkate. Ukaniambia bonjour, Mama Arlène. Ulijua kesho yake utasema nini, na mlango yangu inaangalia mlango yenu. Ungeniambia tu: Mama, siku mbili tatu usifungue."

"Sikufikiria," nikasema.

"Njo ile inaniuma. Siyo mikate."

Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikipanga jinsi ya kumweleza MaDube, jinsi ya kuwaeleza kamati, mtu wa kutafsiri Kizulu. Mkate niliununua kweli. Naukumbuka, ulikuwa bado wa moto.

Pembeni ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji, imefunikwa kwa sahani. Aliniona naitazama. Akauliza, "Kile kitu chako unacho?"

Nilikuwa nacho, natembea nacho kila mahali siku hizi, na kompyuta ndogo. Akafuta meza kwa kitambaa, akaniletea maji ya ile ndoo kwenye kikombe. Nikatia tone. Watoto wake wakaja kusimama nyuma yangu. Mstari ukapita, ukalala, hakukuwa na kilima.

"Hayana diuroni," nikamwambia. "Ni hiyo tu ninayoweza kuipima. Mengine sijui."

"Tena," akasema.

Nikatoa kijiti kipya. Mstari ukalala.

"Tena."

Nikapima tena, naye ameinama juu ya bega langu, haniangalii mimi, anaangalia mstari tu, kama mtu anayehesabiwa chenji. Ulipofika mwisho akachukua kile kikombe, akakimwaga nje. Akachota kingine kutoka kwenye ndoo ile ile, kwa mkono wake, akanipa mimi.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

Nikanywa chote, wananitazama. Ndipo akawachotea watoto.

Kidawa